Medicaid (bima ya afya ya serikali Marekani kwa wenye kipato kidogo) imelipia uzazi wote, ila kutoa mimba wanataka cash. Hii imekaaje?

dada_wa_columbus:
Wakuu habari za humu. Nina swali na naomba msinirushie mawe kwanza. Niko Ohio, kuna dada nafanya naye kazi weahausi, Mkongo, watoto watatu, na wote Medicaid ililipia kila kitu hajatoa hata senti. Sasa ana mimba ya wiki kama tisa hivi, mume alishaondoka, na yeye ameshaamua. Huku Novemba 2023 watu walipiga kura haki ya kutoa mimba ikaingia kwenye katiba ya jimbo, mi nikajua basi yameisha. Kapiga simu kliniki anaambiwa kadi yako kwa hilo haifanyi kazi, ni dola mia sita na kitu, ulipe mwenyewe. Tunalipwa kila wiki mbili na kodi ya nyumba ndo hiyo inagonga mlango. Wanampiga au ndo utaratibu?

mzee_minnesota:
Hawampigi dada. Hiyo inaitwa Hyde, kipengele ambacho Congress, yaani bunge la Marekani, ilikipitisha 1976 na tangu hapo wanakipachika kwenye bajeti mwaka hadi mwaka. Pesa ya serikali kuu hailipii kutoa mimba, isipokuwa ya kubakwa, ya ndugu wa damu, au ikiwa inahatarisha uhai wa mama, basi. Na Medicaid ni pesa ya serikali kuu imechanganywa na ya jimbo, kwa hiyo jimbo likitaka kulipia litoe mfukoni kwake. Huku kwetu Minnesota jimbo linalipa tangu kesi ya 1995, Illinois tangu 2018, New York na California pia, Ohio hawatoi. Katiba imebadilika, bajeti haijabadilika.

Na huyo Henry Hyde, mbunge aliyekileta, hakuficha, alisema wazi angeweza angewazuia wanawake wote, tajiri na maskini, ila muswada uliokuwepo mkononi ulikuwa wa Medicaid tu. Kesi ikafika mahakama ya juu 1980, Harris v. McRae, majaji 5 kwa 4 wakasema umaskini wa huyo mama hatukumletea sisi serikali kwa hiyo hatulazimiki kumwondolea. Soma tena hiyo sentensi ukiwa umekaa.

mtoto_wa_pwani_tx:
Bora huko kwenu ni hela tu. Mi niko Houston, hapa tangu Septemba 2021 sheria ya kutoa mimba ilishabana na baada ya Juni 2022 ndo wakafunga kabisa. Nilimsindikiza mtu mpaka jimbo la New Mexico, jamani, ile bei ya kliniki ilikuwa ndo kidogo kwenye mahesabu, weka mafuta, moteli, mtu wa kubaki na watoto, halafu shifti mbili hujalipwa na kazini wanakukata pointi kwa kutokuja. Supavaiza anauliza una barua ya daktari, utampa barua gani?

Ila mwambie huyo dada kitu kimoja, asisubiri mshahara. Hapo ndo maskini wanaponaswa, anasubiri wiki mbili apate mia sita, akizipata muda wa kutumia vidonge umeshapita anaingia kwenye utaratibu mwingine, akizidi kuchelewa inapanda kupita elfu, anaanza kutafuta upya, yaani anaifukuza bei na bei inakimbia. 1977 kuna dada wa McAllen hapahapa Texas, Rosie Jimenez, mwanafunzi ana mtoto mdogo, Medicaid ilikuwa ndo imekatwa, akaenda kwa mtu wa mtaani kwa bei rahisi akafa kwa maambukizi. Alikuwa na cheki ya skolashipu kwenye pochi, ya ada.

mtumishi_dallas:
Mimi ni mlipa kodi na sitaki kodi yangu ilipie hayo mambo. Azae, watoto ni baraka.

mzee_minnesota:
Mtumishi kodi yako hailipii, ndo tunachoeleza tangu juu. Matunzo ya mtoto wa nne utatuma wewe?

bibie_kayole:
Hata huku Kenya ni vilevile tu, katiba ya 2010 kifungu cha 26(4) inaruhusu mtaalamu wa afya akiona uhai au afya ya mama iko hatarini, mwenye pesa anaingia praiveti anahudumiwa anarudi ofisini, asiye nayo anauziwa vidonge visivyojulikana kisha analetwa wodini usiku akivuja damu.

nesi_usiku:
Tuache siasa kidogo. Dada, apige tena kliniki aseme hivi, "nina Medicaid, sina uwezo, naomba msaada wa mfuko". Wao wenyewe wanaunganisha na mifuko ya msaada, National Abortion Federation (NAF) na Abortion Fund of Ohio, pesa inaenda kliniki moja kwa moja hapewi mkononi. Asitegemee yote, NAF walipunguza kiwango 2024 maana watu ni wengi. Aombe mkalimani wa Kiswahili, asikubali mtoto wake atafsiri. Na kama anaogopa karatasi zake za uhamiaji, hiyo ni michango ya watu binafsi sio serikali.

dada_wa_columbus:
Asanteni sana wakuu, kweli alikuwa anaogopa karatasi ndo maana hakuuliza. Amepiga leo wakati wa mapumziko tumejificha kwenye gari, mfuko umetoa sehemu kubwa, iliyobaki tunachanga hapa kazini bila kusema ya nini. Appointimenti ni Alhamisi asubuhi na mimi nina shifti, mwenye gari Columbus aliye off siku hiyo aje inbox.