Kiingereza cha kazini kwa wenzetu watu wazima: nianzie wapi?

Swali

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Msimamizi wa kiwanda cha nyama ninachofanyia kazi hapa Iowa ameniomba niwafundishe Kiingereza wenzangu 12. Wengi wao ni Wakongomani waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na wawili ni wazee wa Burundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972. Nimepewa chumba cha kulia chakula, dakika 40 kabla ya zamu ya jioni, mara mbili kwa wiki. Mimi si mwalimu, ila ninacho kitabu cha sarufi nilichosomea sekondari kule Tabora. Je, nianze na nyakati za vitenzi? Naomba ushauri wa waliokwisha kuifanya kazi hii.

Jibu la kwanza

Kaka yangu, shikamoo ikiwa umenizidi umri, na ikiwa sivyo, pokea salamu za dada yako.

Kitabu cha sarufi kiache nyumbani kwanza. Mtu mzima anayejua kwamba baada ya dakika 40 atashika kisu mbele ya mkanda unaopitisha nyama anahitaji maneno atakayoyasikia zamu hiyo hiyo. Kabla ya kufundisha chochote, simama kwenye laini siku moja na daftari mfukoni, uandike kila kinachosemwa na msimamizi. Nilipofanya hivyo mimi, maneno yote yalienea ukurasa mmoja, na karibu yote yalikuwa amri: simama, vuta, shika, osha, sogea, angalia nyuma yako. Ukurasa ule ndio uliokuwa kitabu chetu kwa miezi miwili.

Baada ya amri, fundisha mwili. Mama mmoja katika darasa langu aliumwa bega kwa wiki tatu. Alipokwenda kwa muuguzi wa kiwanda alisema "hand", ambalo kwa Kiingereza ni kiganja na vidole tu, kwa sababu kwetu mkono huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole. Muuguzi alikigeuzageuza kiganja chake, akakiona kizima, akaandika kwamba hakuna jeraha, akamrudisha kazini. Bega liliposhindwa kabisa kuinuka, karatasi ya kwanza ilikuwa inazungumzia kiganja, na yule mama alihangaika sana kuthibitisha kwamba maumivu yalianzia kazini. Bado naumia nikilikumbuka jambo lile, kwa maana lilitokana na neno moja ambalo ningeweza kumfundisha kwa dakika tano. Somo lililofuata nililetea koti jeupe la kazi na utepe wa karatasi. Tukabandika jina la kila sehemu mahali pake, begani, kwenye kiwiko, kwenye kifundo cha mkono, kisha kila mmoja akalivaa koti kwa zamu, akijigusa na kusema. Fanya vivyo hivyo kwa mguu, kwa sababu Kiingereza kinautenga wayo na sehemu ya juu, na kwa vidole pia, maana vya mkono vina jina lao na vya mguu lao.

Lipo jambo la pili ambalo walimu Wamarekani hawalioni kwa urahisi, nawe utaliona kwa sababu Kiswahili ni chako. Mtu akiulizwa kwetu, "Hukuizima mashine?" naye hakuizima, hujibu, "Ndiyo." Anakubaliana na usemi wa aliyeuliza. Akijibu "Yes" kwa Kiingereza, msimamizi anaweza kuelewa kwamba mashine imezimwa, na huku kuna mtu anataka kuingiza mkono aisafishe. Usijaribu kueleza kanuni. Wazoeze kujibu kwa sentensi kamili inayotaja hali ya mashine yenyewe, imewaka au imezimwa, wala wasitegemee neno moja la kukubali au kukataa.

Saa nazo zishughulikie mapema. Aliyelelewa na saa ya Kiswahili akisikia "seven", ambayo kwetu ni saa moja, anaweza kuielewa kuwa saa saba mchana, na zamu ya asubuhi imempita. Zoezi la saa ya ukutani linatosha. Kwa 15 na 50, ambazo kwa Kiingereza husikika karibu sawa na hukorofisha watu wakati wa kupima dawa ya kuoshea vyombo, wafundishe kutaja tarakimu mojamoja.

Kisha kuna ndiyo ya heshima. Wazee wetu humwitikia mkubwa wa kazi hata pale ambapo hawakuelewa, kwa kuwa kumwambia mtu arudie huonekana kama kumdharau. Waambie waziwazi kwamba huku kuomba kurudiwa si utovu wa adabu, kisha uwape maneno mawili ya kuombea, "Again, please" na "Show me", uyarudie kila kipindi hadi yatoke bila aibu. Msimamizi naye aombwe asiulize, "Umeelewa?" bali aseme, "Nionyeshe."

Usidhani pia kwamba wote wanasoma. Wapo wasioandika hata Kiswahili, kwa hiyo leta glavu, kisu butu na alama halisi za ukutani. Waliosoma Kongo kwa Kifaransa watakusaidia, kwani maneno kama "danger" na "accident" huandikwa sawasawa katika lugha zote mbili.

Jibu la pili

Nakubaliana na dada, nami naongeza upande wa malipo. Kwa kanuni za kazi za serikali kuu ya Marekani, muda wa mafunzo hauhesabiwi kuwa kazi iwapo tu masharti manne yametimia kwa pamoja: yafanyike nje ya saa za kazi, yawe ya hiari kwelikweli, yasihusu kazi ya mtu moja kwa moja, na kusiwe na kazi inayofanywa wakati huo. Wewe utafundisha maneno ya laini, kwa hiyo naona dakika hizo zinastahili kulipwa, pamoja na zako unayefundisha kwa ombi la mwajiri. Vilevile, waraka wa Aprili 2010 wa OSHA, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia usalama kazini, ulibainisha kwamba mafunzo ya usalama lazima yatolewe kwa lugha na msamiati ambao mfanyakazi anauelewa. Maana yake ni kwamba darasa lako lisiwe kisingizio cha kuacha kuwaeleza watu hatari kwa Kiswahili au Kirundi leo, wakati Kiingereza chao bado kinakua. Mwulize msimamizi kwa maandishi.

Kutoka kwa aliyeuliza

Asanteni sana, dada na kaka. Nimeandika barua jana, na ofisi imekubali kwamba wanafunzi wote nami tugonge kadi ya kuhesabia saa za kazi kabla ya kuingia darasani. Koti jeupe nimelipata. Jumanne tunaanza na bega.