Kanywa maji kuliko wote, na ndiye aliyeanguka. Imekuwaje?

Mchumaji wa Mtambwe:
Assalamu alaikum jamaa zangu. Nina jambo limeninyima usingizi siku tatu.

Msimu huu nasimamia wachumaji kwenye shamba la marehemu baba, Mtambwe, Pemba. Mpwa wangu ana miaka 19, mikarafuu mirefu yote ni yake. Jumatatu jua lilikuwa kali, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia: kunywa maji hata kama huna kiu. Akanitii. Dumu la lita 5 alilimaliza peke yake kabla ya adhuhuri, akaongeza kama lita 2. Tangu chai ya asubuhi hakutia kitu kinywani.

Saa saba akateremka, kichwa kinamgonga. Akatapika maji matupu, misuli ya mapaja ikamkaza. Nikaona amekaukiwa, nikampa maji tena. Haukupita muda akaanza kusema maneno hayana mbele wala nyuma, ananiita kwa jina la babu yake. Pete ilikuwa imembana kidole hadi haivuki. Tukambeba mpaka barabarani. Hospitali wakampima damu wakasema sodiamu ni 121, wakamtundikia dripu. Yuko nyumbani sasa, alhamdulillahi.

Mtu huuguaje kwa maji? Na hapa nyumbani kila mmoja ana lake. Mke wangu anataka anywe madafu tu, ndimu kamkataza eti damu itakuwa chachu. Jirani kaleta chupa za "maji ya alkali", bei yake pishi kadhaa za karafuu.

Nesi wa Chake:
Waalaikum salaam Ami. Pole sana, na Mungu amzidishie afya kijana. Mimi ni muuguzi, nimewaona wagonjwa wa namna hii.

Mwili, Ami, haulindi wingi wa maji peke yake. Unalinda uwiano wa maji na chumvi. Sodiamu, yaani ile chumvi iliyomo katika damu, inatakiwa iwe kati ya 135 na 145. Jasho lina chumvi, ndiyo maana shati likikauka linabaki na michirizi myeupe mgongoni. Sasa kijana katoa chumvi kwa saa tano, akarudisha maji matupu. Siku ya kawaida figo zingeyatoa yale ya ziada, maana kazi yao ni kubwa: huchuja kama lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote, mkojo ukabaki lita moja au mbili. Lakini mtu akiwa kwenye kazi ngumu, joto, maumivu na kichefuchefu, ubongo hutoa homoni inayoziambia figo zishike maji. Kwa hiyo anakunywa, na mlango wa kutokea umefungwa.

Maji hufuata palipo na chumvi nyingi zaidi. Damu ikiwa nyepesi, maji huingia ndani ya seli, zikavimba. Kwenye mkono utaona pete inabana. Kwenye ubongo ni hatari, kwa sababu fuvu halitanuki. Kule kuchanganyikiwa kulitoka hapo. Na hospitali hawaipandishi sodiamu kwa pupa. Wanachunga isizidi 8 hadi 10 kwa siku, kwani ikiruka ghafla nayo huumiza ubongo.

Usijilaumu. Mtu aliyekaukiwa naye huumwa kichwa na kukazwa misuli. Ila aliyekaukiwa mdomo mkavu, mkojo kidogo na mweusi kama chai, macho yameingia ndani. Aliyezidiwa na maji kanywa mno, kavimba vidole, anatapika maji. Akianza kupotewa na akili, usimpe kitu cha kunywa, mkimbize hospitali.

Kuhusu ndimu, mpe bila wasiwasi. pH ya damu, yaani kipimo cha uchachu wake, hukaa kati ya 7.35 na 7.45 na mwili hauachi itoke hapo kirahisi. Mapafu hurekebisha kwa dakika chache kwa kupumua nje kaboni dioksaidi, figo hufuata kwa saa na siku, zikitoa asidi na kutunza bikaboneti, ile inayoupoza uchachu. Uchachu wenyewe wa ndimu mwili huuunguza ukaisha, na chumvi yake, sitreti, ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa bikaboneti. Pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, imetiwa sitreti hiyohiyo makusudi: mtu wa kuharisha hupoteza bikaboneti nyingi, damu ikaelekea kwenye asidi, ndiyo unamwona mtoto wa kipindupindu anapumua kwa kina na kwa haraka.

Hizo chupa za alkali, yaani kinyume cha asidi, zirudishe. Zikifika tumboni zinakutana na asidi kali, zimekwisha.

Mwana wa Kojani:
Niongeze kuhusu madafu. Yana madini ya potasiamu kwa wingi, sodiamu kidogo. Aliyepungukiwa chumvi kwa jasho, dafu halimrudishii alichopoteza. Na mwenye figo mbovu asiguse kabisa. Baba yangu anasafishwa damu; mwaka jana alikunywa matatu kwa siku moja, potasiamu ikafika 6.8 wakati mwisho ni 5. Moyo ulipiga vibaya usiku kucha. Mpaka leo nikimwona mtu anampelekea mgonjwa madafu bila kuuliza, roho inanidunda.

Mchumaji wa Mtambwe:
Mungu awalipe nyote. Dada nesi, basi niwape nini shambani? Nina watu 14.

Nesi wa Chake:
Wanywe kwa kiu, Ami, si kwa amri. Wapumzike kivulini jua linapokuwa la utosi, na wale: muhogo na papa mkavu wa chumvi unatosha kabisa. ORS weka pakiti chache kwa anayeharisha au kutapika, moja kwa lita 1 ya maji safi. Ukikosa, lita 1, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visifurike. Sukari isikosekane, ndiyo inayoivusha sodiamu kwenye ukuta wa utumbo, na maji yakafuata nyuma.

Mchumaji wa Mtambwe:
Chupa nimezirudisha. Leo tumeteremka saa tano, tukala muhogo na papa chini ya mwembe, tukapanda tena alasiri. Mpwa wangu anachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na kina mama uani, juu sijampeleka bado. Kaomba ndimu na chumvi, nimempa.