Shepadi, rotwaila au mbwa wa kienyeji kwa nyumba ya shamba?

mkaa_kusini
Assalaam alaykum wanabodi. Nnataka mbwa wa kulinda. Nimepata watatu wa kuchagua: mtoto wa shepadi yuko Dar, chotara wa rotwaila wa miaka miwili, au nichukue wa kienyeji hapahapa Unguja. Bei si tatizo sana. Yupi bora?

dk_mifugo
Wa alaykum salaam. Bora kwa lipi? Hujasema nyumba iko wapi, ina ukuta au ua wa makuti, nani analala hapo, nani atampa chakula siku ambayo wewe haupo. Hujasema kama kuna paka. Tujibu hayo kwanza.

Msasi wa Micheweni
Wa kienyeji, maneno yamekwisha. Manyoya mafupi, kilo 15 mpaka 20, jua la saa saba analijua, na usiku halali. Kazi ya mbwa wa ulinzi ni kubweka. Kuuma ni kesi.

mchanga_mweupe
Kubweka hata bata bukini anabweka. Ukitaka mtu asithubutu kuruka, weka rotwaila. Lile umbo jeusi likisimama tu, mwizi anageuza.

Msasi wa Micheweni
Umbo jeusi hilohilo ndilo linaloanguka kwa joto mwezi wa pili, yakhe.

mkaa_kusini
Samahani, nilitaka kufupisha. Nyumba ipo Makunduchi, kiwanja mita 30 kwa 40, uwanda mtupu wa mawe. Ukuta upo upande wa barabara, pande tatu ni ua wa makuti. Mie nakaa mjini, naenda Ijumaa narudi Jumapili. Yupo mlinzi, mtu mzima, yeye anawaogopa mbwa kidogo. Paka watatu.

dk_mifugo
Sasa tunazungumza. Kwa hiyo mwenye mbwa si wewe, ni mlinzi. Akimwogopa atamfunga mnyororo mchana na usiku, na mbwa wa mnyororo anakuwa mkali kwa kila mtu, pamoja na anayemletea chakula. Mpeleke mlinzi akawaone hao mbwa kabla hujatoa hata shilingi.

Pili, ua wa makuti haumzuii mbwa wa kilo 40. Anapasua kwa pua ndani ya dakika tano. Aidha uzungushe waya wa kuku nyuma ya makuti, uukunje chini ya mawe kiasi cha sentimita 30, au ukubali kuwa mbwa atatembea kijijini. Rotwaila anayetembea kijijini ni balaa.

Tatu, shepadi. Namweleza kwa urefu kwa sababu watu wanampenda kwa picha. Adui yake hapa ni kupe wa kahawia. Mfano ni shepadi mmoja aliyeletwa pwani ya mashariki akiwa na miezi minne. Wiki ya tatu akapata homa, akasusa kula siku tatu, akapona mwenyewe. Watu wakasema alikuwa anazoea hewa. Miezi mitano baadaye pua ikaanza kutoa damu upande mmoja. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi, tumboni madoadoa mekundu kama aliyechomwa kwa sindano. Hiyo ndiyo erlikia, vijidudu vinavyoingia na mate ya kupe. Ile homa ya mwanzo ndiyo ilikuwa nafasi ya kumtibu: antibiotiki ya doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku baada ya chakula, siku 28 bila kuruka. Mbwa wa kilo 30 ni vidonge vitatu vya miligramu 100. Yule alianzishiwa dawa wakati uboho wa mifupa umeshachoka kutengeneza damu. Hakufika wiki ya pili. Mbwa wote wanaipata, ila kwa shepadi huwa nzito kuliko kwa wengi.

mchanga_mweupe
Si unamwogesha dawa ya ng'ombe kila wiki, basi?

dk_mifugo
Hapo ndipo watu wanapokosea. Kupe unaowaona juu ya mbwa ni wachache, wengi wako ukutani. Huyu kupe akishiba hushuka, hupanda ukuta, hujibana kwenye ufa wa mawe au makuti ya paa na kutaga mayai kwa maelfu. Ukiosha mbwa ukaacha banda, umefua nguo ukairudisha kwenye tope. Ziba nyufa za banda kwa saruji, choma matandiko ya zamani, nyunyizia kuta mpaka juu, rudia baada ya wiki mbili, halafu wiki mbili tena. Mbwa apewe kidonge cha kutafuna kinachozuia kupe. Kipo cha mwezi mmoja na kipo cha wiki 12.

Na kwa kuwa una paka: dawa ya kupe ya permethrini, hata ile ya matone ya mgongoni iliyoandikwa "ya mbwa", inaua paka. Anaanza kutetemeka, kisha kifafa. Paka akilala tu juu ya mbwa aliyepakwa leo, inatosha. Soma kopo.

paka_wa_forodhani
Hili liwekwe juu kabisa ya ukurasa. Paka wangapi tunawazika tukidhani wamelishwa sumu na jirani.

Shangazi wa Mwera
Mwanangu mkaa_kusini, na mambo ya tohara, usafi wa ibada, umeyapanga? Sisi ni watu wa Imamu Shafii, mate ya mbwa ni najisi nzito: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Kufuga wa kulinda kuna ruhusa, lakini sufuria yake iwe yake, na bomba la kuoshea liwe nje. Mlinzi wako anaswali hapo hapo.

pwani_mchangani
Kwa Imamu Malik mbwa aliye hai ni twahara, si najisi, shangazi.

Shangazi wa Mwera
Kwa Malik nakujua, mwanangu. Mlinzi wa Makunduchi umemuuliza yeye yuko kwa nani?

Msasi wa Micheweni
Mbwa mkavu na nguo kavu havinajisiani, hilo watu wanalisahau wanamkimbia mbwa kama simba. Turudi kwenye chakula, maana hapo ndipo shepadi na rotwaila watakufilisi. Mbwa mzima wa kilo 30 anataka kiasi cha gramu 750 za chakula kilichopikwa kwa siku, mara mbili. Wangu wa kilo 16 anashiba kwa 400. Nusu iwe nyama au samaki, iliyobaki wali au ugali na mboga kidogo. Mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vikali. Ukipika mwenyewe tia unga wa maganda ya mayai, nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama. Dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waroweke usiku kucha na umwage maji, la sivyo mbwa atakunywa ndoo nzima na kuharisha.

pwani_mchangani
Na samaki bunju! Wavuvi wanamtupa mchangani, mbwa anaokota. Sumu yake haipotei kwa kukauka wala kwa kupikwa. Miguu ya nyuma inalegea, kisha pumzi inakata. Dawa ya kuiondoa hakuna. Makunduchi maji yakitoka asiachiwe ufukweni peke yake.

mchanga_mweupe
Jamani swali lilikuwa mbwa gani. Mie bado niko na rotwaila.

dk_mifugo
Basi awe na kivuli. Banda la bati hapana. Paa la makuti, kuta zenye matundu kuelekea kaskazi na kusi, mabeseni mawili ya maji ili akimwaga moja libaki lingine. Mazoezi kabla ya saa moja asubuhi au baada ya magharibi. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39. Likifika 41 anatema mate mazito, anayumba, ulimi unakuwa rangi ya zambarau. Mmwagie maji ya bomba tumboni na mapajani, mpepee, halafu ndiyo umpakie garini. Kumfunika kwa taulo lililolowa kunabana joto ndani.

mkaa_kusini
Shukrani. Nimeongea na mlinzi. Anasema wa kienyeji atamkubali akiwa jike na akiwa mdogo. Lakini mie roho yangu iko kwa yule mtoto wa shepadi.

Msasi wa Micheweni
Jike usipomfunga kizazi, kila miezi sita madume ya kijiji yatalala kwenye makuti yako wiki tatu. Na mimba ni siku 63, utakuwa na ulinzi wa mbwa saba.

dk_mifugo
Huyo wa Dar ana wiki ngapi? Kama hajapata chanjo ya mwisho ya wiki 16, kwenye boti na bandarini anaweza kuokota paavo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, na paavo inakaa kwenye udongo zaidi ya mwaka. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na kibali cha kuingiza mnyama uwe nacho mkononi kabla hajapanda.

mkaa_kusini
Muuzaji anasema "amechanjwa zote". Kadi sijaiona.

pwani_mchangani
Na yule rotwaila wa miaka miwili, kwa nini mwenyewe anamtoa?

mkaa_kusini
Hilo sikuuliza.