Uvimbe wa mama ulikuwa milimita 11, baada ya kugandishwa ripoti inasema 32

Binti Muheza:
Shikamooni wakubwa. Mama yangu, mwenye miaka 72, ninaishi naye hapa Minnesota, na miezi sita iliyopita saratani yake ya titi iligandishwa kwa sindano badala ya kukatwa. Jana tulifungua ripoti ya mamogramu, yaani eksirei ya titi, kwenye simu kabla ya kumwona daktari: eneo la milimita 32, lenye mafuta katikati na ukingo mzito. Mama aliweka miwani mezani akasema, "Mwanangu, kimezaa." Naomba msaada wa kuielewa.

Fundi Mionzi:
Poleni, dada. Namba hizo hazipimi kitu kimoja. 11 ni uvimbe wenyewe. 32 ni eneo lote lililogandishwa, kwa kuwa barafu huachwa makusudi ivuke uvimbe kwa takriban sentimita moja kila upande. Nyama ikishakufa, mafuta yake huyeyuka na mwili huyazungushia ukuta, ndiyo maana picha huonyesha kiini cheusi chenye ukingo mweupe. Kipimo cha kulinganisha ni picha ya kwanza baada ya tiba, na kuanzia hapo eneo hutarajiwa kunywea. Chokaa inayojijenga ukingoni kama ganda la yai kwa kawaida haitishi. Kinachotia shaka ni kinundu kipya ukingoni, au ukingo unaonenepa. Kwenye MRI, picha ya sumaku inayopigwa baada ya kudungwa rangi mshipani, ukingo mwembamba ulio laini unaweza kunywa rangi hiyo kwa sababu ya kupona tu, lakini kinundu kikinywa rangi, kinyama kichukuliwe kipimwe.

Mama Zuhura:
Mimi uvimbe wangu haukuwa saratani, ila uligandishwa vivyo hivyo, na gumu kama kokwa ya embe nililipapasa karibu mwaka mzima. Kovu ni kitone cha sindano tu, kwa hiyo msomaji wa picha asipoambiwa anaweza kudhani ni ugonjwa mpya. Hakikisha ameambiwa.

Mzee Kivuko:
Tusimtulize kupita kiasi. Katika utafiti wa ICE3 wa Marekani kuhusu tiba hii ya kugandisha, uliohusu wanawake wa miaka 60 na zaidi wenye uvimbe usiozidi sentimita 1.5, saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa takriban wanne kati ya 100 ndani ya miaka 5. Picha zinazofuata asikose hata moja.

Binti Muheza:
Ahsanteni sana. Nimeisoma upya: picha iliyolinganishwa ni ya kabla ya tiba pekee, na neno kugandishwa halimo popote. Kesho asubuhi nawapigia simu hospitali.