Tupeane uzoefu: matembezi na mazoezi baridi inapoanza kuachia

Mwana wa Pangani (Reading, Uingereza)
Wakuu, leo nimepita kando ya mto Thames, nimekuta maua ya njano yameshachanua, nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza huku. Miezi na miezi unakwenda kazini giza, unarudi giza. Halafu Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinasogezwa mbele, na saa moja jioni jua bado lipo! Mwili wenyewe unataka kutoka. Nyie mnaanzaje?

Shangazi wa Leeds
Parkrun, mbio za pamoja za mtaani. Jumamosi saa tatu asubuhi, kilomita 5, bure. Mimi natembea tu. Nyuma kabisa yupo mtu wa kujitolea, kwa hiyo hakuna anayeachwa.

Kijana wa Kasulu (Minneapolis)
Mmenikumbusha mbali. Mwisho wa Machi, jua limetoka, tumevaa bukta tunacheza mpira kando ya Ziwa Nokomis. Katikati ziwa bado jeupe, ila ukingoni barafu ilishakuwa ya kijivu, ina maji juu. Mpira ukaponyoka. Mwenzetu mmoja mgeni akaufuata. Hatua chache tu, tukasikia paa! Kazama hadi kifuani. Anataka kupiga kelele, sauti haitoki, anahema juu juu. Nikataka kumkimbilia, mzee mmoja aliyekuwa na mbwa akanidaka jaketi, akaniambia lala chini. Wengine wakapiga 911. Tukalala kifudifudi, tukaunga skafu na kamba ya mbwa, tukamrushia. Alipotoka vidole havikunjiki.
Barafu mpya, ngumu, ya inchi 4 inabeba mtu. Ya Machi hata iwe nene imeshaoza ndani.

Binti Mvita
Ya Rabi! Kwa sababu ya mpira?

Mvuvi wa Duluth
Unatisha watu bure. Mimi navua juu ya barafu kila mwaka.

Kijana wa Kasulu
Januari au Machi?

Mvuvi wa Duluth
Januari.

Kijana wa Kasulu
Haya.

Mama Neema (München)
Jamaa alipona?

Kijana wa Kasulu
Alipona dada, na bado tunacheza naye.

Mama Neema (München)
Alhamdulillah. Huku Bavaria shida ni kupe, wanaamka mapema kabla hata majani hayajatoka. Mwanangu nilimkuta naye nyuma ya goti, mdogo kama punje ya ufuta.

Mfugaji Asilia
Mafuta ya taa, anaachia mwenyewe.

Mama Neema
Hapana kaka! Hiyo ya ng'ombe usimfanyie mtoto. Usimpake kitu wala usimchome. Chukua kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu ukinyoosha. Likitokea duara jekundu linalotanuka, nenda kwa daktari. Chanjo ya homa ya ubongo ya kupe ipo, ila ya Lyme, ule ugonjwa mwingine wa kupe wenye hilo duara, haipo hapa, msichanganye.

Mfugaji Asilia
Babu yangu alitumia mafuta ya taa maisha yake yote.

Shangazi wa Leeds
Babu yako alikuwa na ng'ombe. Vaeni soksi ndefu, suruali iingie ndani ya soksi.

Binti Mvita
Na jaketi zito?

Mwana wa Pangani
Nguo nyepesi tatu, unavua moja moja.

Mvuvi wa Duluth
Jaketi zito. Saa tisa jua, saa kumi theluji.