Naomba ushauri: tochi ya kichwani ya kambini

Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao tunatoka Dar watu wanne kwenda kulala kwenye mahema milima ya Uluguru, usiku tatu, hakuna pa kuchajia. Safari iliyopita, msitu wa Pugu, tochi niliyonunua Kariakoo ilizimika saa mbili usiku nimeinama napigilia vigingi vya hema. Nilimalizia na simu nimeing'ata mdomoni, mvua inanyesha. Sitaki yanikute tena.

Nichukue ya betri za AAA nibebe za akiba, au ya kuchaji kwa USB pamoja na pawabanki? Mwanga wa lumeni 200 unatosha kwenye njia ya utelezi? Kinga ya maji ya kiwango cha IPX4 itahimili mvua ya kule? Taa nyekundu lazima iwepo, nyeupe inawaumiza macho wenzako hemani. Bajeti elfu sitini.