Suti ya kosiplei (vazi la kuigiza mhusika) ya spandeksi: cherehani inaruka na mshono unaachia, msaada

Uzi_Ngarenaro:
Habari zenu wadau. Nashona suti ya shujaa ya kubana mwili mzima, kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, zipu mgongoni. Kitambaa ni spandeksi inayovutika pande zote nne. Cherehani ni Butterfly ya kukanyaga, mshono ulionyooka tu, haina zigizaga. Shida ni mbili: inaruka, yaani unakuta sentimita nzima haijashonwa, na nikichuchumaa mshono wa nyuma unaachia. Juu ya suti kutakuwa na mabega ya EVA, lile povu gumu la plastiki. Niyashone hapohapo kwenye kitambaa? Niko Arusha, vifaa naweza kufuata hata Moshi.

FundiMajengo:
Kabla ya kugusa kitu kingine, badilisha sindano. Kitambaa hiki kinataka ncha ya mviringo inayopenya kati ya nyuzi bila kuzitoboa: namba 75/11, au 90/14 kama kitambaa ni kizito. Soma pakiti. Butterfly ya nyumbani inakula HAx1, kichwa chake ni bapa upande mmoja. Ukipewa DBx1 rudisha, hiyo ni ya mashine za kiwandani. Unapoifunga, mfereji mrefu ukae upande unakoingizia uzi. Ukiigeuza itaruka hata kwenye kanga.

Inaruka kwa sababu hii: sindano ikianza kupanda, uzi hufanya kitanzi kidogo nyuma yake na ndoana ya chini hukidaka. Spandeksi inang'ang'ania sindano na kupanda nayo, kitanzi hakifunguki, ndoana inapita patupu. Weka karatasi laini chini ya kitambaa, shona, kisha ichane. Inasaidia sana.

Kuhusu kuachia: uzi wa pamba sahau, tumia poliyesta. Legeza kidogo tensheni ya juu, yaani mkazo wa uzi wa juu, mshono uwe milimita 2 hadi 2.5. Shika kitambaa mbele na nyuma ya mguu wa cherehani, ukivute kidogo kwa nguvu sawa huku meno yakikisogeza. Ukivuta kwa nyuma peke yake, sindano inapinda na kugonga bamba. Pitisha mstari wa pili milimita 3 kutoka wa kwanza, upande wa pindo. Halafu jaribu kwenye kipande cha sentimita 20: kivute hadi mwisho. Uzi ukikatika kabla kitambaa hakijagoma, fupisha mshono au legeza tena.

Mshono wa katikati nyuma na wa makwapani ningeupeleka kwa fundi mwenye ovaloki ya nyuzi nne, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Hiyo inavutika pamoja na kitambaa.

Bibi_Patani:
Mwenzangu kaeleza cherehani vizuri, ila suti inayoachia mtu akichuchumaa mimi huanza kuishuku patani, yaani kiolezo cha kukatia. Pima mzunguko wa kiwiliwili: futi kamba ianzie begani, ishuke mbele, ipite katikati ya miguu, ipande mgongoni hadi begani palepale. Ukipata sm 160, patani isipungue sm 152. Upana ndio unaopunguzwa zaidi, karibu asilimia 10: kifua cha sm 92 unakata sm 83, kisha unaongeza nafasi ya mshono. Hiyo ni kwa kitambaa ambacho kipande cha sm 10 kinafika sm 15 bila kulalamika. Kikiishia sm 12, usipunguze kiasi hicho, punguza kidogo tu.

Mvutiko mkubwa uzunguke mwili, usishuke na miguu. Kwa mtu wa wastani, chenye upana wa sm 150, mita 2.5 zinatosha pamoja na mikono. Suti ya majaribio usiishone kwa shuka, haitakuambia chochote. Nenda soko la Memorial pale Moshi, nunua leginsi na fulana za mtumba zinazovutika, zikate hizo.

KibegaNgumu:
Mabega usiyashone kwenye spandeksi, dada. Uzito utavuta shingo yote na matundu ya sindano yatachanika. Tengeneza mkanda wa kifuani kwa ukanda wa begi wa sm 2.5 na kifungio chake cha plastiki, uvaliwe juu ya suti, mabega yaning'inie hapo. Gundi ya viatu paka pande zote mbili, subiri hadi isishike kidole, ndipo ubane. Fanyia nje, ule mvuke wake si mzuri.

Uzi_Ngarenaro:
Asanteni sana, nimeelewa, sindano niliyofunga ni ya ncha kali. Na zipu je? Inaleta mawimbi.

Bibi_Patani:
Kitambaa kinavutika, zipu haivutiki, mawimbi lazima. Kabla ya kuishona, bandika kwa pasi ukanda wa sm 2 wa kile kitambaa cha kukazia kola, kando zote mbili za mpasuko. Pasi iwe ya moto mdogo, mkali unaua mpira ulio ndani ya nyuzi. Bana zipu kwa basta ya mkono kwanza, yaani mshono mrefu wa muda, na hapo usivute kabisa unaposhona. Chukua ya sm 55 ishuke chini ya kiuno, vinginevyo nyonga hazitapita.